Muulize Fundi: Wati mia mbili za kwenye kasha

Mwezi uliopita niligusia, kwa mistari minne tu, jinsi jirani yangu mfugaji hapa San Angelo, Texas, anavyowaita koyoti kwa kilio cha sungura kinachotoka kwenye kisanduku nilichomtengenezea. Nilidhani nimeandika habari za betri. Barua zilizokuja karibu zote zinauliza kisanduku. Basi leo ni kisanduku tu, na yule dada wa friji inayovuja anisubiri toleo lijalo.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi redio wa Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, niliyefuata watoto huku uzeeni. Koyoti ni mnyama wa jamii ya mbwa, ana umbo kubwa kuliko bweha wetu, na katika nchi hii ya kondoo na mbuzi hajui kwamba mwana-mbuzi ana mwenyewe. Wafugaji humwita kwa sauti ya mawindo yanayolia, akija wanampiga. Mambo haya si ya leo. Johnny Stewart wa Waco, mji uliopo mashariki ya hapa, aliuza vilio vya wanyama kwenye santuri na baadaye kwenye kaseti, na watu walikuwa wanabeba kicheza santuri cha betri mpaka vichakani. Bunduki mimi sishiki. Nakwenda kusikiliza.

Shikamoo mzee. Naendesha lori, makazi Fort Worth. Nimeona mtandaoni amplifaya mbili ndogo, moja wati 50, nyingine wati 200, bei zinapishana dola nne. Nataka kuita koyoti kwenye shamba la rafiki yangu. Nichukue ipi? Spika ninayo, niliing'oa kwenye gari bovu.

Marahaba, mwanangu. Usichukue yoyote kabla hujaniambia utaifungia spika gani. Hiyo ya gari irudishe garini.

Kila spika ina kipimo chake: ukiipa wati moja na ukasimama mita moja mbele yake, inatoa desibeli ngapi, yaani sauti ya ukubwa gani. Spika ndogo ya gari au ya redio hutoa kama 86. Spika ya honi, ile yenye mdomo wa tarumbeta tunayoifunga kwenye mnara wa msikiti, hutoa 106, nyingine hupita hapo. Tofauti ni 20. Utaona ni kama chenji ya daladala, lakini desibeli hazihesabiwi kama mahindi. Kila desibeli kumi ni kuzidisha nguvu mara kumi, kwa hiyo ishirini ni mara mia. Wati moja kwenye honi inafanya kazi ya wati mia kwenye spika yako ya gari. Mwenye honi na kiamplifaya cha wati 5 anakupita wewe na mia mbili zako, na betri yake inaingia kwenye mfuko wa koti.

Upande wa pili wa hesabu ni umbali. Mahali pa wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili unapoteza desibeli 6. Honi ya 106 ukiipa wati 5 inakuwa 113 mita moja mbele yake. Mita mia moja mbele inabaki 73. Mita mia nne, 61, ambayo ni sawa na mtu anayezungumza nawe kwa sauti ya kawaida mmekaa meza moja. Fikiria: umbali wa viwanja vinne vya mpira, na koyoti anasikia kama sungura yuko mezani pake. Hapo bado sijakata cha upepo na cha majani, na vyote viwili hukata. Sasa ukitoka wati 50 kwenda 100, baada ya jasho lote hilo, unaongeza desibeli 3. Mwenye masikio mazuri ataitambua tofauti. Koyoti hatakuja kwa sababu yake.

Halafu hizo mia mbili zenyewe. Rudi kwenye tangazo utazame adapta inayouzwa pamoja nayo. Mara nyingi utakuta volti 12, ampea 2. Zidisha, unapata wati 24. Kitu kinachoingiza 24 kikatoa 200 nikikiona nitaacha ufundi nikawe wakala wake. Hata ukiifunga kwenye betri ya lori lako, volti 12 juu ya spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) hazizidi wati 9 safi, na hiyo ni kwa amplifaya ya daraja, inayosukuma waya zote mbili za spika. Ile ya zamani inayosukuma waya mmoja hufika mbili na kidogo. Wati nyingine zilizoandikwa ziko kwenye kasha.

Kwa hiyo: honi ndogo ya omu 8, mdomo wa sentimita 15 hadi 20, iliyoandikwa wati 15 au zaidi. Nyuma yake bodi ya amplifaya ya aina ya D (class D) ya volti 12. Zile zenye chipu ya TPA3116 zinauzwa kila mahali na hazichomi betri bure, kwa sababu umeme mwingi unaoingia unakwenda kwenye spika badala ya kuwa joto. Na fedha ulizotaka kuweka kwenye wati weka kwenye honi.

Kitu kimoja usikipuuze. Honi ndogo haiwezi sauti nene. Chini ya mitikisiko kama 400 kwa sekunde, daiframu, kile kiwambo chembamba kilichoko nyuma, kinacheza bila kuzuiwa na hewa, na ukikisukuma sana kinapasuka. Weka kapasita isiyo na chanya na hasi, ya mikrofaradi 47, mfululizo na waya mmoja wa honi ya omu 8. Itazuia sauti nene isipite. Kilio cha sungura kiko juu zaidi ya hapo, hutakosa kitu.

Assalaam alaikum Mzee Fundi. Niko Columbus, Ohio. Msikitini kwetu tulibadilisha spika, nikaomba honi moja ya zamani. Nimeifunga kwenye amplifaya ya wati 20, betri mpya, inalia kama mbu ndani ya chupa. Imeungua?

Waalaikum salaam. Haijaungua, na ingekuwa imeungua isingelia hata kama mbu. Fungua kifuniko cha nyuma. Utakuta transfoma ndogo yenye waya wa rangi tatu au nne, au swichi yenye namba za wati. Honi za msikitini na za stesheni hufungwa kwa mfumo wa volti 100, ili waya mrefu uweze kulisha spika nyingi bila kupoteza nguvu njiani. (Huku Marekani mfumo wa kawaida ni volti 70, hadithi ni ileile.) Honi ya wati 30 kwenye volti 100, amplifaya yako inaiona kama omu 333. Nayo imetengenezewa spika ya omu 8. Ni kama kunywa uji kwa mrija wa juisi.

Ng'oa waya mbili zinazotoka kwenye transfoma kwenda kwenye daiframu, zipime kwa mita. Ukisoma omu 6 au 7, hiyo ndiyo honi yako ya omu 8. Funga amplifaya hapo moja kwa moja. Transfoma iweke, usitupe. Nimewahi kuitupa moja nikiwa kijana, na imamu wa Chumbageni alinikumbusha miaka kumi na moja.

Habari yako mzee. Nasomea umeme hapa Nakuru. Mjomba analima mchele Mwea na ndege wanammaliza. Nimeunda amplifaya ya LM386 kwa betri ya volti 9 ili nicheze mlio wa kipanga shambani. Ikifika katikati ya voliumu inaanza kupiga putu-putu-putu kama boti. Nimebadilisha chipu mara tatu.

Nzuri, mwanangu. Chipu zote tatu zilikuwa nzima, omba msamaha. Mlio huo hata vitabu vya mafundi vinauita mlio wa boti. Betri ndogo ya volti 9 ina ukinzani ndani yake. Spika ikivuta umeme, volti zinashuka, mshuko unarudi kwenye mlango wa kuingilia, chipu inaukuza, unashuka tena. Wanazungukana kama paka na mkia wake.

Dawa ni kapasita ya mikrofaradi 470 kati ya mguu wa 6 na wa 4, karibu kabisa na chipu, si kule mwisho wa waya. Pembeni yake nyingine ndogo ya 0.1. Kwenye mguu wa 5, ule wa kutolea sauti, weka rezista ya omu 10 mfululizo na kapasita ya 0.047 hadi chini, yaani hasi ya betri. Mtengenezaji ameichora hiyo kwenye karatasi yake na kila mwanafunzi huiruka kwa sababu haioni inafanya nini. Halafu nadhani umeweka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8. Itoe. Hiyo inakuza mara 200, nawe unatumia simu, ambayo sauti yake ni kubwa tayari. Bila hiyo inakuza mara 20, inakutosha na inabaki. Simu ina njia mbili, kulia na kushoto. Usizisokote pamoja. Kila moja ipitishe kwenye rezista ya kiloomu 1 ndipo zikutane.

Lakini LM386 ikijitahidi sana inatoa kama nusu ya wati. Kwa benchi la darasa ni nzuri. Kwa shamba la Mwea utahitaji honi na kitu cha wati 5 hadi 10, na betri ya volti 12 ya king'ora cha nyumba, ile ya ampea-saa 7. Na mwambie mjomba ukweli: ndege wanazoea. Mlio mmoja uleule kila robo saa, pahali palepale, siku chache tu watakuwa wanatua juu ya honi. Badilisha milio, badilisha mahali, na acha vijana na makopo yao waendelee kuwepo.

Kaka Fundi, mimi ni mama wa mbuzi arobaini, nje kidogo ya Abilene. Mtoto wangu amenifungia honi na amplifaya kama ulivyosema na inalia vizuri sana. Koyoti wanakuja. Wanafika kama mita mia mbili, wanasimama, wananitazama mimi, wanaondoka. Nimevaa nguo za majani mpaka miwani. Tatizo ni sauti?

Dada yangu, sauti ingekuwa mbaya wasingekuja. Swali langu ni hili: honi iko wapi? Nina hakika iko miguuni pako.

Najua kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi na jirani majira yote ya baridi ya kwanza. Mnyama anayewinda kwa masikio anajua sauti inatoka wapi kwa usahihi wa kutisha. Anakuja akiitazama hiyo sehemu, na kwenye hiyo sehemu umekaa wewe unapangusa miwani. Peleka honi mita thelathini au arobaini mbali nawe. Halafu shika mchanga uurushe uone upepo. Koyoti hafiki moja kwa moja. Anazunguka mpaka upepo unaopita kwenye "sungura" umfikie puani. Honi iwe upande unakotoka upepo, wewe uwe pembeni, ili njia yake ya kuzunguka ipite mbele yako kabla hajafika nyuma yako. Akishanusa mtu, hata ungemchezea karamu ya harusi harudi.

Sasa huo umbali unaleta shida ya waya. Niliazima waya wa kengele ya mlango, mwembamba kama tambi, nikauvuta mita 30 kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye honi. Kwenda na kurudi ni mita 60, na waya ule ulikuwa na omu 5 peke yake. Honi ina 8. Nilipokaa kupiga hesabu nikaona zaidi ya theluthi moja ya nguvu ilikuwa inapasha joto nyasi za Texas. Ama nunua waya mnene wa spika, ama, na hii ndiyo ninayoifanya sasa, kila kitu kikae pamoja kule kwenye honi: amplifaya, betri, kicheza sauti, vyote ndani ya sanduku la chakula la plastiki, nawe unashika rimoti ya redio. Bluetooth usiitegemee. Ahadi yake ni mita kama kumi, mwili wako ukikaa katikati inapungua, na spika nyingi za aina hiyo hujizima zenyewe ukiziacha kimya dakika chache. Kimya ndicho nusu ya kazi hii.

Simu nayo iache kwenye gari. Alfajiri moja tulikuwa tumekaa tumetulia, sungura analia vizuri kabisa, shemeji akanipigia kutoka Tanga. Muito wangu wa simu ni taarabu. Violini na ganuni zilitoka kwenye ile honi kwa desibeli mia na kitu, zikavuka bonde, zikagonga kilima zikarudi. Ng'ombe wa shamba la pili waliinua vichwa. Jirani hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani, na alichosema sikiandiki. Tangu siku ile natumia kicheza mp3 cha bei ndogo cha kadi ya memori, nimekiwekea faili moja ndefu: kilio dakika moja, kimya dakika mbili, kilio kifupi, kimya kirefu zaidi. Hakuna kioo cha kuwaka, hakuna cha kubonyeza.

Voliumu anza chini. Wengi wanaanza kwa kufungua yote, na kama koyoti alikuwa amelala mita themanini kwenye kichaka, umemlipukia bomu. Sungura halisi si honi ya treni. Cheza kidogo kidogo dakika tano za kwanza, kisha panda. Ukimwona anakuja, shusha au zima kabisa. Akiwa na hamu ataitafuta mwenyewe. Usipande mpaka sauti ipate mkwaruzo. Amplifaya ikifika mwisho wa volti zake inakata vichwa vya mawimbi, na kilio kinageuka kuwa sauti ya bati linaloburutwa. Ukisikia bati, rudi nyuma robo ya mzunguko. Dakika ishirini zikipita bila mtu, funga virago mwende bonde jingine, na bonde hilo msilirudie kesho. Koyoti aliyedanganywa akanusurika ni mwalimu wa wenzake.

Na kwa kuwa una mbuzi, una hazina ambayo wauza sauti hawana. Siku ya kuwatoboa masikio watoto kwa ajili ya alama, washa simu, ivishe soksi nzito ili upepo usivume ndani ya maikrofoni, ishike mita moja na nusu kutoka kwenye mdomo wa mtoto. Sekunde arobaini zinatosha. Koyoti wa kwenu wanaijua sauti hiyo kwa jina.

Je, naweza kutumia kisanduku hicho kuita bata msimu wa bata? Niko Houston. (Na mwingine, kutoka Kitui: kuita digidigi?)

Houston: hapana. Sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza sauti iliyorekodiwa au iliyokuzwa kwa umeme kuwinda ndege wahamao, na bata ni wahamao, njiwa pia. Kuna mwanya mdogo wa msimu maalumu wa mabata-bukini weupe, ukitaka kuuingia muulize mtu wa idara ya wanyama wa jimbo, usimuulize fundi redio. Kwa koyoti hapa Texas inaruhusiwa, ukiwa na leseni ya uwindaji na idhini ya mwenye ardhi. Majimbo mengine yana mambo yao.

Kitui: Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na wewe unalijua hilo.

Shikamoo babu. Nasoma mambo ya wanyamapori Morogoro na nitakuwa kwenye timu ya kuhesabu fisi usiku kwa kuwachezea sauti. Nimepewa kazi ya kuandaa vyombo. Bajeti ni ndogo. Vyombo vya mwaka jana vilikuwa spika ya sherehe ya Bluetooth na fisi hawakuja. Nianzie wapi?

Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, maana hapa sauti haimwiti mnyama kufa.

Kwa wasiojua: unasimamisha gari usiku, unacheza kilio cha ndama wa nyati na ugomvi wa fisi kwenye mzoga, fisi na simba wa karibu wanakuja kuona wamekosa nini, unawahesabu, unakwenda kituo kingine. Joseph Ogutu na Holly Dublin walichapisha kazi ya namna hiyo kutoka Masai Mara mwaka 1998, itafute maktaba kabla hujagusa waya. Huko utaona jambo ambalo spika ya sherehe haikulijua: hesabu yote inasimama juu ya swali moja, sauti yetu inafika wapi? Kama hujui fisi aliyeko kilomita mbili anaisikia au haisikii, basi fisi kumi waliokuja hujui ni kumi wa eneo gani.

Kwa hiyo vyombo vyako havitafutwi kwa ukubwa, vinatafutwa kwa kutobadilika. Amplifaya ya gari ya volti 12, wati 40 au 50 za kweli, inatosha. Honi mbili kubwa juu ya paa la gari, zikitazama pande mbili tofauti, na katikati ya kipindi mnazigeuza robo mzunguko. Nasema kubwa kwa sababu kilio cha ndama ni kinene kuliko cha sungura. Honi yangu ya sentimita 15 ingekikata kiuno, kikabaki kifua tu. Chukua yenye mdomo mpana, sentimita 40 hadi 50, na usome kwenye karatasi yake inaanzia mitikisiko mingapi.

Betri isiwe ya gari mnalorudia nyumbani. Hili sitalieleza, utalielewa saa nane za usiku.

Nunua au azima kipima desibeli. Kila kituo, kabla ya kucheza, pima mita moja mbele ya honi kwa sauti ya mfano isiyobadilika, na uhakikishe namba ni ileile ya kituo cha kwanza. Umevaa vya kuziba masikio: hapo mbele ni 115 au 120, si mahali pa kusimama unaandika. Betri ikichoka, volti zinashuka, sauti inashuka, na fisi "wanapungua" kituo cha nane kwa sababu ya betri. Weka alama ya rangi kwenye kitufe cha voliumu, kisha kifunge kwa gundi ya utepe. Faili iwe ileile, isiyobanwa sana, kwenye kadi mbili. Injini izimwe. Andika upepo. Usiku hewa ya chini inapokuwa baridi kuliko ya juu, sauti inapinda kurudi chini na kwenda mbali kuliko mchana. Upepo ukiwa mkali unaweza kuibeba upande mmoja na kuitupa juu upande mwingine. Usiku wa upepo mkali mimi ningelala.

Mtahitaji pia jaribio la umbali: fisi mnaowaona kwa macho, gari jingine likiwa nao, nyinyi mkicheza kutoka umbali unaojulikana, mwenzenu anaandika kama waligeuza masikio, kama waliinuka, kama walikuja. Hiyo ndiyo kazi ngumu na ndiyo watu wanairuka, kama wanafunzi wanavyoruka ile rezista ya omu 10.

Msirudie kituo usiku unaofuata. Fisi si mjinga, akija mara mbili akakuta gari badala ya ndama, mara ya tatu anakaa kwake. Na ngurumo za simba msizicheze kwa kujifurahisha, hata kama mmezipata kwenye kadi. Karen McComb na wenzake walifanya hivyo Serengeti kwa utafiti, kazi yao ilitoka 1994: walipocheza ngurumo ya jike mgeni mmoja, majike wenye eneo walikuwa wepesi kumwendea, walipocheza za watatu, walisita wakahesabu walivyo wao. Yaani wanakuja wakiwa wamejiandaa kupigana na mtu. Mtu huyo ni gari lenu. Kiongozi wa watalii atakayekuomba umwazimishe honi ili wageni wapige picha, mwambie imeungua.

Vibali, vya COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) kama ni ndani ya hifadhi, mwalimu wako anavijua. Hakikisha tu kwenye maombi kumeandikwa wazi kwamba mtacheza sauti, si "uchunguzi wa usiku".

Mzee, honi niliyonunua mwaka juzi kwa ushauri wako imepoteza sauti. Inasikika kama mtu amefunikwa blanketi. Amplifaya nimejaribu na spika nyingine, nzima. Ninunue daiframu?

Kabla ya kununua, chukua tochi uchungulie ndani ya mdomo, pale katikati kwenye mwanya wa kikombe cha ndani. Utaona udongo. Nyigu wa matope wanapenda honi kuliko fundi anavyozipenda. Loanisha, chokonoa kwa mrija wa plastiki usio na ncha, geuza mdomo chini, gonga kidogo. Ukimaliza, uvalishe soksi kila ukiiweka stoo. Hata ile ya kurekodia mbuzi inafaa.